FidoNet haukuuawa na intaneti

Wengi husema intaneti ilipofika, FidoNet ukafa papo hapo. Sivyo, na inaniuma kusikia kazi ya watu waliouendesha ikifutwa hivyo.

FidoNet ni mtandao wa mbao za matangazo za kompyuta, yaani kompyuta ambazo watu walizipigia simu ili kusoma na kuacha ujumbe, ulioanzishwa na Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984. Kompyuta ya mtu ilipiga simu kwa nyingine usiku, gharama ziliposhuka, ikakabidhi barua zilizobanwa pamoja kisha ikakata. Nairobi pia ilikuwemo: mashirika ya kiraia yalipata barua pepe kwa njia hii, zikipitia GreenNet, mtandao wa kompyuta wa London, kabla intaneti haijawa jambo la kawaida kwetu.

Kilichobadilika ni barabara tu, mzigo ukabaki uleule. Simu za kimataifa zilikuwa ghali mno, kwa hiyo waendeshaji wakaanza kusafirisha vifurushi vyao vya barua kupitia intaneti. Mwanzoni walivituma kama faili za kawaida, au wakaviambatisha kwenye barua pepe. Baadaye ikaja itifaki ya binkp, yaani kanuni za namna kompyuta mbili zinavyopeana barua hizo kwenye intaneti. Programu hufungua mlango namba 24554 (namba ambayo kompyuta hupokelea mawasiliano ya aina hii), pande mbili zinatambuana kwa nywila, halafu zinatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Laini ikikatika katikati, faili huendelea pale ilipoishia. Kwa laini za siku zile, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Watumiaji walipungua sana, hilo halina ubishi. Lakini barua za FidoNet bado zinasafiri, na njia yake kuu sasa ni intaneti yenyewe.