Chotara wa nini na nini?

Jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, ni kijana mwenye watoto wawili walio shule ya msingi. Jumapili moja alipita kwangu akitokea Mwanjelwa, amekumbatia boksi la mafuta ya kupikia. Ndani yake kijibwa cha rangi ya maziwa kilikuwa kimejikunja juu ya kipande cha gunia.

"Shikamoo mama. Njoo uone, wajukuu zako nimewaletea chotara."

"Marahaba, mwanangu. Chotara wa nini na nini?"

Akanyamaza kidogo. "Chotara tu, mama. Si unaona alivyo mdogo, na manyoya haya?"

Sikutaka kumharibia furaha yake. Nikamsifia kijibwa, tukaagana. Lakini jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, kwa wauzaji na kwa wanunuzi, hata kwa watu waliosomea mifugo.

Chotara ni mnyama aliyezaliwa na wazazi wa mbegu mbili tofauti zinazojulikana. Maana inaishia hapo. Haigusi udogo, haigusi manyoya, wala haisemi kwamba mbwa huyo ni wa kizungu au wa kukaa sebuleni.

Neno lenyewe limetembea sana kabla ya kumfikia mbwa. Lilianza kwa watu. Pwani, mtoto wa wazazi wa rangi mbili aliitwa chotara, na wenye kamusi wanalihesabu neno hili kati ya yale yaliyotujia kutoka Uhindini. Lilikuwepo pia suriama, linalotokana na suria, nalo limebeba ndani yake habari nzito ya utumwa. Kwa mtu, chotara ni neno linaloweza kuuma. Wapo wasiopenda kuitwa hivyo, na mimi kwa mtu silitumii.

Kwenye mifugo ndiko lilikopata hesabu zake. Mfugaji wa Rungwe akikuambia ana ng'ombe chotara, anakupa habari kamili: mama wa kienyeji, baba Friesian au Ayrshire, mbegu za kizungu za maziwa, mara nyingi kwa uhimilishaji, yaani mbegu za dume kuingizwa kwa mrija. Ukimdadisi atakwambia kama ni nusu au robo tatu, kwa sababu mtamba wa nusu akipandishwa tena Friesian anazaa ndama wa robo tatu. Anayajua hayo kwa kuwa maziwa, majani na dawa vyote vinategemea hesabu hiyo. Damu ya Friesian ikizidi, maziwa huongezeka, ila na ng'ombe naye anadai chakula kingi zaidi, na ndigana, homa inayoletwa na kupe, inamwangusha upesi kuliko wa kienyeji. Mpelekee mfugaji huyo mtamba umwambie ni "chotara tu" uone kama atatoa hela. Wafuga kuku nao wanajua. Aliyewahi kuatamisha mayai ya kuku chotara, wale kina Kuroiler na Sasso, alishangaa kuona vifaranga wametoka kila mmoja na lake, hawalingani na mama zao.

Neno lilipovuka kuja kwa mbwa, hesabu zikabaki kwenye zizi la ng'ombe. Huku limekuwa jina la bei. Kijibwa chenye manyoya kidogo kinaitwa chotara ili kipande bei, na kisicho na manyoya kinaitwa koko ili kishuke.

Na hapa ndipo panaponiuma hasa, kuwekwa chotara na koko kama pande mbili za mizani, mmoja bora, mwingine duni. Koko kwa Kiswahili cha zamani ni kichaka, wingi wake makoko. Mbwa koko ni mbwa wa vichakani, asiye na mwenyewe, anayejitafutia. Kwa hiyo neno hilo linasema mbwa analala wapi na nani anamlisha. Halisemi lolote kuhusu wazazi wake. Chotara linasema wazazi, wala halijui mbwa analala wapi. Kienyeji nalo ni neno la tatu: ni mbegu ya hapa, yenye manyoya mafupi na mwili mkavu, iliyozoea nchi hii kwa vizazi vingi. Mbwa wa kienyeji mwenye kwao, mwenye bakuli lake na kadi ya chanjo, si koko hata kidogo. Chotara wa mbegu mbili za gharama akitupwa stendi ya Nane Nane, kesho yake ni mbwa koko, na bado ni chotara. Siku utakapomwokota na kumfunga kamba shingoni, ukoko umekwisha, uchotara unaendelea.

Kuna wa nne, naye ndiye wengi wetu tunaye: mchanganyiko. Huyu mama yake labda anajulikana, baba hajulikani, au wote wawili hawajulikani. Hana upungufu wowote. Tofauti yake na chotara ni kwamba hatuwezi kumkisia.

Wanaouliza kwa nini nashikilia neno, nawajibu kwamba neno ndilo linaloamua familia inanunua nini. Familia inayotaka mbwa mdogo kwa ajili ya nyumba ya vyumba viwili na uwanja mwembamba inahitaji kujua atafika wapi akikua. Udogo wa leo hausemi kitu, kila mtoto wa mbwa ni mdogo. Kuna wauzaji wanaoleta kijibwa cha wiki sita na kusema kina miezi minne, "ni mbegu ndogo hii". Mfungue mdomo. Meno ya utoto ni madogo na makali kama sindano. Kuanzia miezi minne hivi yale ya mbele huanza kung'oka na kupisha makubwa. Kisha omba kumwona mama. Mbwa mwenye mama wa kilo ishirini hatabaki kilo nne kwa sababu tu muuzaji amesema chotara. Na asitolewe kwa mama kabla ya wiki nane, maana hapo ndipo anapojifunza kwa ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza, na watoto wako ndio watakaofaidi somo hilo.

Hata wazazi wakijulikana wote, chotara si ahadi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia, Wally Conron, mfugaji wa mbwa wa kuongoza wasioona, alipandisha Labrador na Poodle, mbegu mbili za mbwa, kwa ajili ya mama mmoja wa Hawaii asiyeona, ambaye mume wake alidhurika na manyoya ya mbwa. Watoto watatu wa mbwa hao walipopimwa, mmoja tu ndiye hakumdhuru mume huyo. Baba mmoja, mama mmoja, uzao mmoja, na bado walitofautiana. Conron mwenyewe baadaye alisema anajutia kazi hiyo, kwa jinsi watu walivyokimbilia kuchanganya mbwa ovyo na kuuza jina.

Wengine wanaongeza kwamba chotara ana damu yenye nguvu, haugui. Kuna ukweli ndani yake, kwani mbegu mbili zilizo mbali zikikutana, kasoro za upande mmoja mara nyingi hufunikwa na upande wa pili. Ila kasoro ambayo wazazi wote wawili wanayo haifunikwi na yeyote. Mbegu ndogo nyingi zina goti linaloteguka na meno yanayosongamana mdomoni. Ukizichanganya mbili kati yake, umepata chotara mwenye goti lilelile.

Na hakuna mbegu wala mchanganyiko unaozuia kichaa cha mbwa. Chanjo yake hutolewa mbwa akifika miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, kwa chotara na kwa kienyeji. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15, yaani haohao tunaowanunulia vijibwa. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Udogo wa mbwa una mahitaji yake, na hayo yanatoka kwenye kilo, hayatoki kwenye jina. Mwili mdogo hupoteza joto haraka. Hapa Mbeya mwezi wa sita na wa saba sakafu ya saruji ni kama barafu, kwa hiyo mwinulie ubao na gunia kavu. Manyoya marefu yakilowa umande hayampi joto lolote, na yasipochanwa yanafungana na kuficha kupe. Kupe wasikufanye uchukue dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuikadiria kwa macho. Imepimwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa, na mbwa wa kilo tano atajilamba. Nenda kwa daktari wa mifugo, mbwa apimwe uzito kwanza. Tumbo la kijibwa likivimba kama ngoma huku mbavu zinaonekana, usifurahi kwamba ameshiba, mara nyingi ni minyoo. Mlishe mara tatu au nne kwa siku, kidogokidogo, na ugali uwe na dagaa au mabaki ya nyama yasiyo na vitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na kwa kuwa huku kwetu maparachichi yanaanguka yenyewe, okota kokwa zake, kokwa moja inatosha kuziba utumbo wa mbwa mdogo.

Jirani alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa amemfuata muuzaji, na kwa heshima kabisa akamwomba amwonyeshe mama wa kijibwa. Akakuta mbwa wa kienyeji mwekundu, mtulivu, amelala nyuma ya kibanda cha mkaa, ananyonyesha wawili waliobaki. Baba hakuna aliyemjua.

"Kwa hiyo nimeibiwa, mama?"

Nikamwambia hapana, mbwa mzima, macho maangavu, mama yake mpole, hiyo ni bahati. Alicholipa zaidi ni neno tu. "Watu wakikuuliza, mwanangu, sema ni mchanganyiko, mama yake wa kienyeji. Na ukubwa wake tutaujua akifika mwaka."

Watoto wake sasa ndivyo wanavyowajibu wapita njia. Jana nilimsikia yule mdogo akimsahihisha mgeni getini, taratibu, huku amemshika mbwa sikio: "Si chotara, bibi. Baba yake hatumjui."