Egregious si "mbaya sana" tu

Dhana: egregious ni "mbaya sana" kwa Kiingereza cha kujidai.

Si hivyo kabisa. Ubaya peke yake hautoshi. Lazima uwe wa wazi, kiasi cha kumuumbua mwenyewe. Refa akikataa bao ilhali mpira umevuka mstari na Uwanja wa Mkapa mzima umeona, hilo ndilo kosa egregious. Mhasibu aliyeruka tarakimu moja amekosea tu. Neno hili huandamana zaidi na makosa, uongo, uzembe na uvunjaji wa sheria. Pilau iliyoungua Kariakoo haimo, wala foleni ya Barabara ya Mandela. Hayo yaachie terrible. Jirani yake wa karibu kwetu ni "wa kutupwa": mwongo wa kutupwa, mlevi wa kutupwa. (Chakula cha kutupwa ni habari ya jalalani, usichanganye.)

Dhana: kamusi fulani inasema maana yake ni "mashuhuri", basi naweza kumsifia mtu.

Zamani, ndiyo. Kwa Kilatini, egregius ni aliyejitokeza nje ya kundi: ex ni "kutoka", grex ni kundi la mifugo. Kundi hilohilo limejificha ndani ya congregation, waumini waliokusanyika. Neno liliingia Kiingereza karne ya 16 likiwa sifa, kisha, inaelekea kwa sababu ya kejeli, likageuka. Shakespeare alishalitumia kwa dhihaka: katika tamthilia yake Othello, Iago anajigamba jinsi atakavyomfanya bwana wake punda, na kielezi anachokitumia ni egregiously. Waitaliano hawakugeuka pamoja na Waingereza. Mpaka leo barua rasmi huanza kwa Egregio, kwa heshima zote. Ila wewe ukimwandikia mkurugenzi wako pale Posta kwamba ni egregious leader, jiandae kuitwa ofisini.

Dhana: sifa haiwezi kugeuka tusi.

Mtu wa Dar anasema hivyo kweli? Sisi tunageuza kila siku, tena kwa kurudi nyuma. "Noma", "balaa", "hatari" yalikuwa maneno ya shari, leo winga akipiga chenga mbili, jukwaa zima linapayuka "huyu jamaa hatari!" na hakuna anayekimbia.

Dhana: hutamkwa kama linavyoandikwa, e-gre-gi-o-us.

Ni i-GRII-jas, silabi tatu. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu mengi.