“Fundi, nikatie kichwa tu”

Mimi ni fundi wa kukata miti hapa Mwanza, na vuli ikikaribia, simu yangu haitulii. Wingu la kwanza likishasimama juu ya ziwa na upepo ukaezua bati la jirani, kila mwenye mti karibu na nyumba anakumbuka kwamba ana mti. Na kabla hata hatujasalimiana vizuri, ameshajiandikia dawa mwenyewe: “Fundi, njoo unikatie kichwa tu. Ukiwa mfupi hautaanguka.” Nyegezi wanasema hivyo, Isamilo wanasema hivyo, na Capri Point kwenye nyumba za maana wanasema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya upole. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Kukata kichwa ni kufyeka shina na matawi makubwa yote katikati, ukabaki mti kama nguzo yenye vidole. Mteja akitazama juu anaona kweupe, hakuna cha kuangukia bati, anafurahi, analipa. Kwa mwaka mmoja hivi hata mimi siwezi kumbishia. Baada ya hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Mti unakula kwa majani. Ukiyaondoa yote kwa siku moja umeuacha na njaa, na kinachobaki ni akiba ya wanga iliyomo kwenye mizizi na mbao. Akiba hiyo inamwagwa yote kusukuma machipukizi, mengi na kwa haraka. Mkrismasi na mjohoro ndio mabingwa wa hiyo kazi. Wiki chache tu kisiki cha tawi kimejaa kijani. Mteja ananipigia kwa furaha: “Umeona, umefufuka!” Haujafufuka, mzee. Huo ni mti unaohangaika.

Tofauti iko hapa. Tawi la kawaida limeanza dogo pamoja na shina likiwa dogo. Kila mwaka mbao ya shina na mbao ya tawi zimefumana, hata chanzo cha lile tawi kiko ndani kabisa ya shina. Chipukizi la dharura halina historia hiyo. Limetokea chini ya gome tu, limeshikwa na tabaka jembamba la nje. Halafu linakimbia: miaka mitatu minne linakaribia urefu ule ule uliolipia uondolewe, zito, limejaa majani ya kukamata upepo. Chini yake kuna kidonda kikubwa ambacho mti haukuwahi kukifunga, maji ya mvua yameingia na kuvu wameshaanza kazi. Ulikuwa na matawi matano imara. Sasa una vijiti thelathini vimeshikilia kisiki kinachooza, na vyote viko juu ya bati lile lile.

Isamilo kuna mkrismasi uliokuwa umekatwa kichwa miaka kadhaa kabla sijaitwa. Nilipofika juu nikashika chipukizi nene kama mkono wangu, nikalisukuma kwa kiganja, bila panga wala msumeno. Likabanduka na ukanda wa gome. Nyuma yake mbao ilikuwa nyeusi, laini, ukitia kidole kinazama, na siafu wakaanza kumwagika. Chini pale ndipo gari la mwenye nyumba hulala kila siku. Nikamshushia kile kipande akione mwenyewe. Akakigeuzageuza, akaniuliza kama nisingeweza tu kukata tena pale pale pa mwanzo.

Kinachotakiwa ni kupunguza. Matawi makavu yanatoka kwanza, kisha yanayosuguana, kisha yanayolalia paa. Tawi refu mno linarudishwa nyuma hadi pale lilipoachana na tawi dogo lenye afya, na hilo dogo liwe na unene usiopungua theluthi ya lile unaloliondoa, ili liweze kuchukua nafasi. Mti mzima usiondolewe zaidi ya robo ya majani yake kwa mara moja. Upepo wa ziwani ukija unapita katikati, mti unayumba, unarudi. Kuyumba si ugonjwa.

Shida ni kwamba kazi nzuri haionekani. Nikishuka, mteja anatazama juu, anatazama lundo chini, anaona lundo dogo. “Mbona hujakata kitu?” Watu wanalipia lundo. Kijana wa chenso akija kufyeka kila kitu anapewa hela na soda. Mimi niliyeshinda juu nikichagua tawi kwa tawi naombwa punguzo.

Mwembe una mambo yake. Wataalamu wa bustani huukata kichwa kwa makusudi ili kuubebesha, yaani kuupandikizia, aina nyingine au kuufanya upya mti uliozeeka, na wanarudi kuyachagua machipukizi hadi yabaki machache. Hiyo ni kazi yenye ratiba. Ukikata ukaondoka, kumbuka mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, kwa hiyo umekata na maembe ya msimu ujao. Na gome lililozoea kivuli likipigwa jua la Mwanza ghafla linaungua, linapasuka. Pakaa chokaa kwenye matawi yaliyobaki wazi, inasaidia.

Nikitaja chokaa tu, ndipo inapokuja ya pili: “Na kidonda upakae oili chafu, mti upone.” Mti hauponi kama ngozi. Mbao iliyoumia hairudi kuwa nzima; mti unajenga ukuta ndani kuizunguka ili uozo usisambae, halafu mbao mpya inaota kutoka pembeni na kufunika. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa serikali ya nchi yake, alipasua maelfu ya miti kwa chenso ili kuona vidonda vilivyoendelea kwa ndani, na rangi na lami za kupaka hazikuonekana kuzuia kuoza. Oili inaua zile seli hai za ukingoni ambazo ndizo zingefunga. Watu huipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, sawa, lakini nguzo imeshakufa.

Kinachosaidia kidonda ni mahali ulipopitisha msumeno. Tazama pale tawi linapotoka kwenye shina, utaona uvimbe kama kola. Usiukate huo uvimbe, na usiache kigingi nje yake. Pita pembezoni mwake tu. Tawi zito nalikata mara tatu: kwanza chini kidogo, mbali na shina, kisha juu mbele zaidi ili lidondoke bila kuchuna gome, mwisho ndiyo nasafisha lile fupi lililobaki. Ukiona fundi anakata tawi kubwa kwa mkato mmoja toka juu, msimamishe. Lile gome litachunika hadi katikati ya shina.

Mizizi. “Mzizi umeshuka chini sawa na urefu wa mti, chimba tu hapo.” Katika mji huu? Chimba mita moja Bugando uone kama hujagonga jabali. Hata penye udongo mzuri, sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye sentimeta 60 za juu na inatambaa kupita mwisho wa matawi. Sasa mtu anachimba msingi wa ukuta hatua mbili toka kwenye shina, anakata mizizi yote ya upande mmoja, anafukia, anapaka rangi ukuta. Mvua kubwa ikija mti unalala kuelekea upande wa pili, na anayelaumiwa ni mti.

Mti ulioinama si lazima uanguke. Kama umekua hivyo toka mdogo, umeshajijengea mbao ya kujishikilia, uache. Uliokuwa wima jana na leo umeinama, udongo umepasuka upande mmoja, huo ondoa watoto kwanza ndipo unipigie. Tundu nalo halimaanishi mti umekufa. Sehemu iliyo hai iko nje, chini ya gome. Ya katikati ilikwisha kufa zamani hata kwenye mti mzima. Swali ni unene wa mbao nzima iliyobaki kuzunguka tundu, na hilo nalipima kwa kugonga na kutoboa.

Chumvi na dizeli kwenye kisiki ili kisichipue: unaua udongo wako, na mjohoro au mkaratasi bado utachipua pembeni. Vunja machipukizi kila yatokeapo hadi kichoke, au chimbua.

Umeme sitaki mjadala. “Mti ni mbao, haupitishi.” Mti mbichi umejaa maji. Laini ya msongo wa kati inayopita mitaani ni kilovolti 11 au 33, na tawi likiigusa nikiwa nimelikumbatia hakuna viatu vya raba vitakavyonisaidia. TANESCO waje wazime kwanza. Ukiniambia fundi fulani alikata bila kuzima, mwite huyo fulani.

“Kiwanja changu, mti wangu.” Mara nyingi ndiyo, lakini si siku zote. Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua miti iliyohifadhiwa, na hiyo inataka kibali hata ikiwa kwenye ardhi yako. Mti wa hifadhi ya barabara si wako hata kama unamwagilia wewe. Walio ufukweni wajue pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 toka ukingo wa ziwa. Anza ofisi ya mtaa, wao watakuelekeza kwa afisa misitu. Nikifika niikute karatasi, nisielezwe kwamba “tumeongea na mwenyekiti”.

Na bei. “Kazi ya nusu saa, na kuni unachukua wewe, mbona unanichaji tena?” Kuangusha ni nusu saa ukiwa shambani Kisesa, mti uko peke yake. Mabatini, bati la jirani liko chini ya kila tawi, kwa hiyo kila kipande kinafungwa kamba na kushushwa taratibu. Kuni nazo: mkrismasi hauna moto wa maana, ashoki unawaka upesi na kuisha, na kuna mlima wa mawe kati ya mti wako na pale gari linapoishia. Gogo linabebwa begani. Ukitaka bei ishuke, tafuta vijana wanne wa kubeba. Mimi nakata, nashusha, magogo yanabaki kwako.