Chemba ya biashara ni nini, na huwaunganishaje wafanyabiashara?

Katika Kiswahili cha kila siku, kumvuta mtu chemba ni kumtoa kando ili mzungumze jambo lisilopaswa kusikika mbele za watu. Chemba ya biashara, licha ya jina lake, hufanya kazi iliyo karibu na kinyume cha hiyo. Huwachukua wafanyabiashara ambao kila mmoja amezoea kuteta na ndugu na marafiki zake, ikawaketisha pamoja na watu wa mji huohuo ambao hawakuwa wakifahamiana.

Kwa maana yake ya msingi, chemba ni chama cha wafanyabiashara na wenye viwanda wa eneo fulani, kinachoendeshwa kwa ada za wanachama na kuongozwa na watu waliowachagua wenyewe. Si idara ya serikali, ingawa hukaa meza moja na serikali mara nyingi. Si ushirika pia, na hapa ndipo wengi huchanganya: ushirika hukusanya mazao ya wanachama na kuyauza kwa niaba yao, lakini chemba haiuzi chochote, na kila mwanachama hubaki na duka lake, faida yake na hasara yake.

Asili ya chemba hufuatiliwa hadi bandari ya Marseille, Ufaransa, mwaka 1599. Ziko nchi, kama Ujerumani, ambako kampuni huwa mwanachama kwa nguvu ya sheria. Kwetu uanachama ni wa hiari. Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, ambayo wengi huifahamu kwa kifupi chake TCCIA, ilianzishwa mwaka 1988, wakati nchi ilipokuwa ikilegeza uchumi ambao kwa miaka mingi ulikuwa umeshikwa na mashirika ya umma, na ina matawi katika mikoa na wilaya. Neno kilimo katika jina hilo lina uzito wake, kwa kuwa katika wilaya nyingi za Tanzania huwezi kutenga biashara na mazao.

Kinachoifanya chemba iwe na thamani, kwa maoni yangu, kinaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama mali kauli. Muuza jumla humpa mwenye duka mzigo bila fedha mkononi, akiamini kwamba atalipwa baada ya mauzo, na imani hiyo hutokana na kumjua mtu: nyumbani kwake, wazazi wake, msikiti au kanisa analosali. Utaratibu huu umelisha miji yetu kwa vizazi vingi, lakini una mpaka wake, kwa sababu unaishia pale undugu na kujuana vinapoishia. Mtu aliyehamia mjini mwaka jana, au binti anayeanzisha karakana ya kusindika matunda bila mjomba sokoni, hana wa kumdhamini, hata kama bidhaa yake ni bora kuliko zote zilizopo. Kenya iliishi na mpaka huo kwa namna iliyo wazi: wakati wa ukoloni kulikuwa na chemba za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na lake, hadi zilipounganishwa mwaka 1965 kuwa chemba moja ya kitaifa. Kuunganisha vyama hakukufuta mazoea ya watu kufanya biashara na jamaa zao, lakini kuliweka mahali ambapo mtu wa kundi moja angeweza kukutana na wa kundi jingine bila kualikwa nyumbani kwake.

Chukulia mkamuaji wa alizeti mjini Singida. Ana mashine, ana mbegu wakati wa msimu, na mafuta yake ni mazuri, lakini huyauza kwenye madumu ya rangi tofauti yaliyokwisha tumika, kwa sababu kuagiza vifungashio vipya kutoka Dar es Salaam kunadai kiasi kikubwa ambacho peke yake hakimudu. Nyuma ya kiwanda, mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa, yamerundikana, na mvua ikinyesha yanaanza kuvunda. Katika mkutano wa chemba ya wilaya anakaa karibu na mtu mwenye malori, ambaye gari lake hupeleka mazao Dar es Salaam na mara nyingi hurudi tupu. Mbele yao yupo mfugaji wa kuku anayelalamika kwamba bei ya chakula imempita. Watu hawa watatu wanaweza kuwa wamepishana kwenye barabara ileile kwa miaka kadhaa. Mkutano ukiendeshwa vizuri, mfugaji ataondoka na ahadi ya mashudu, mwenye lori atapata mzigo wa kurudi nao, na mkamuaji, akishirikiana na wakamuaji wenzake wawili au watatu, ataagiza vifungashio kwa pamoja kwa bei ambayo hakuna mmoja wao angeipata akiwa peke yake. Chemba haikutoa hata shilingi moja katika jambo hilo. Ilichotoa ni daftari la wanachama, mahali pa kukaa, na katibu anayejua nani anauza nini na nani anatafuta nini.

Huyo katibu ndiye moyo wa tawi. Tawi lenye katibu anayetembelea maduka na karakana huwa hai. Tawi ambalo ofisi yake hufunguliwa tu kunapokuwa na ugeni mkubwa halimuunganishi mtu yeyote, hata likiwa na jengo zuri na ukumbi wa kutosha.

Nje ya mikutano, chemba huwaunganisha wanachama na masoko ya mbali kwa maonesho ya biashara na misafara ya kwenda nchi jirani, na TCCIA hutoa vyeti vya uasili, hati inayothibitisha kwamba bidhaa imezalishwa nchini, ambayo msafirishaji huihitaji ili mzigo wake upate nafuu ya ushuru chini ya makubaliano ya kikanda. Wengi huijua chemba kwa hati hiyo tu, jambo linalosikitisha.

Upo pia ushirikiano wa kusema kwa sauti moja. Tanzania ina mabaraza ya biashara ya mikoa na wilaya, yanayoongozwa na wakuu wa mikoa na wilaya, na humo sekta binafsi hukaa na watendaji wa serikali. Mwenye mashine moja ya kukoboa akienda peke yake kulalamikia tozo inayodaiwa mara mbili katika vizuizi viwili, huonekana mkwepaji. Malalamiko hayohayo yakiletwa na chemba, yakiwa na stakabadhi za wanachama ishirini, huwa ajenda.

Ushirikiano huo una mpaka ambao mwanachama anapaswa kuujua tangu siku ya kwanza. Wakamuaji wakikubaliana kuagiza vifungashio kwa pamoja, wamepunguza gharama. Wakikubaliana kwamba hakuna atakayeuza lita chini ya bei fulani, wamemgeukia mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mapatano ya namna hiyo, hata yakifanyika kwa mdomo, nje ya ukumbi, baada ya mwenyekiti kufunga kikao.