Programu mbili zikikubaliana, bado zinaweza kukosea pamoja

Kuna imani ya siku nyingi miongoni mwa watengenezaji programu: wape watu wawili wasiojuana waandike programu ileile, kisha linganisha majibu. Yakifanana, basi ni sahihi. Kulinganisha ni wazo zuri sana. Hitimisho hilo ndilo lenye kasoro.

Mwaka 1986 watafiti wa kompyuta John Knight na Nancy Leveson walichapisha jaribio lao la kuipima imani hiyo. Wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, Virginia na California huko Irvine, waliandika matoleo 27 ya programu moja, kila toleo kivyake. Kila moja likapimwa kwa majaribio milioni 1. Mengi yalikuwa imara kweli, lakini yalikosea pamoja mara nyingi mno kuliko bahati tu ingeweza kueleza. Nadhani sababu haifichiki: sehemu ngumu ya kazi ni ngumu kwa kila mtu, na wanaopita njia moja hujikwaa kwenye kisiki kilekile.

Thamani iko kwenye kutofautiana. Swali likiwa na jibu moja na majibu yakapishana, angalau mmoja amekosea, hata kama wewe hujui jibu lenyewe. Hivyo ndivyo Csmith, zana iliyoundwa Chuo Kikuu cha Utah ya kutunga programu za nasibu ili kulinganisha majibu ya kompaila mbalimbali, ilivyofichua hitilafu zaidi ya 325 katika kompaila za lugha ya C, yaani programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ambazo wengi wetu huziamini bila kuuliza. Kompaila zilipokubaliana, hazikutangazwa kuwa salama. Ilitungwa programu nyingine ya nasibu, zikapimwa tena.