0.54 ya sterani sio "asilimia 54 imeiva" jamani

Jamani nimechoka. Wiki hii tena kijana wa hapa Tanga kaja na ripoti ya maabara anasema mwamba chanzo (ule unaotoa mafuta ukipikwa na joto la chini ya ardhi, ndo kuiva huko) "umeiva nusu tu" kisa 20S ya sterani za C29 imesoma 0.54. Sterani hizo ni molekuli zenye kaboni 29 zilizobaki kutoka kwa viumbe wa kale, zina maumbo mawili, 20S na 20R, na namba ni sehemu ya 20S kwenye jumla ya yote mawili. Hapana! Hiyo 0.54 ndo mwisho wa kipimo. Viumbe hai wanatengeneza 20R, joto likipanda 20S inaongezeka mpaka zinafika uwiano wake, 0.52 hadi 0.55 hivi, afu zinatulia hapo, haifiki 1 hata uuchome mwamba miaka milioni mia.

Sasa sikilizeni, ikisoma 0.30 inakwambia kitu, mwamba haujafika kileleni mwa kutoa mafuta. Ikisoma 0.54 inakwambia tu umeshapita vitriniti (mng'ao wa chembe za mimea ndani ya mwamba, kipimo kingine cha kuiva) ya kama 0.8% au 0.9%, basi, inaweza kuwa 0.9, inaweza kuwa 1.2, yenyewe haijui tena. Nguo ikishakauka kambani huwezi kuishika ukajua imekaa juani masaa mangapi. Na 22S ya hopani (molekuli za bakteria wa kale, kipimo cha aina hiyohiyo) inatulia mapema zaidi, kwenye 0.6 hivi, mafuta yakiwa ndo kwanza yanaanza kutoka, afu mtu ananionyesha hiyo kuwa ushahidi mwamba "umeiva sana", nakasirika kweli.

Ts na Tm (hopani mbili, hupimwa Ts ni kiasi gani dhidi ya Tm) msizitumie peke yake, aina ya mwamba inaziyumbisha mno, chokaa isiyo na udongo mfinyanzi inatoa namba ndogo hata ikiwa imeiva.

Na mnaosema mafuta ya Hoima, Uganda, hayajaiva kwa vile bomba la kuja Chongoleani hapa Tanga limesanifiwa kupashwa moto kilomita zote 1,443, ile ni nta bwana, asili yake ni mwani wa ziwa la kale, nta haipimi kuiva.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Vitabu vinaeleza kama vile 20R inageuka tu kuwa 20S, lakini ukipika kerojeni (mabaki magumu ya viumbe ndani ya mwamba, ndo hutoa mafuta) na maji maabara mambo hayaendi hivyo kirahisi, isoma moja (umbo moja kati ya hayo mawili) inaharibika haraka kuliko nyingine, na zingine zinaachiwa na kerojeni baadaye. Joto likizidi sana uwiano unaweza hata kurudi nyuma, kwa hiyo 0.40 inaweza kuwa ya mwamba mbichi au uliopitiliza, na namba yenyewe haikwambii ni upi. Ndo maana nang'ang'ania Tmax (joto ambalo mwamba ukipashwa maabara hutoa hidrokaboni kwa wingi zaidi) na vitriniti ziwekwe pembeni yake, na kama vitriniti hakuna, nileteeni basi indeksi ya methilifenantreni (kipimo cha kuiva kutoka molekuli nyingine za mafuta).