Kukoroma na kukatika pumzi usingizini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Akikoroma, ujue kalala fofofo."

Kinyume chake. Mkoromo ni mlio wa hewa inayopenya kwa shida kwenye koo lililobana. Tukilala, misuli ya ulimi na koo hulegea, na kwa wengine hulegea hadi njia ikaziba. Mtazame: kifua na tumbo vinahangaika, puani hakupiti kitu. Kimya. Sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine hata dakika nzima. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, mtu anakurupuka akivuta hewa kama aliyeibuka majini, kisha analala tena, na asubuhi hakumbuki lolote.

Hospitali huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi imekatika au kupungua sana kwa angalau sekunde 10. Mara 5 hadi 14 ni hali ndogo, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Mwenye 30 usingizi wake unavurugwa kila baada ya dakika mbili usiku kucha, halafu mchana anaitwa mvivu. Hilo linaumiza sana.

"Huyo anakabwa na jinamizi."

Anayekabwa na jinamizi yuko macho: anaona chumba, mkono hausogei, na asubuhi anasimulia mwenyewe. Anayekatika pumzi hajui kitu, wa kusimulia ni mwenzake wa kitandani. Basi wewe mwenzake mrekodi kwa simu dakika chache, hasa akilala chali au karibu na alfajiri, kifua kionekane. Video hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Ongezea na haya kama yapo: kichwa kuuma asubuhi, kinywa kukauka, kusinzia mchana, presha isiyoshuka kwa dawa. Na kuamka kukojoa mara mbili tatu, ambako wengi hukimbilia kusema ni sukari au tezi dume. Kifua kinapovuta hewa dhidi ya koo lililoziba, moyo hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo zitengeneze mkojo zaidi.

"Ni ugonjwa wa wanaume wanene."

Unene ni sababu kubwa, na shingo yenye mzunguko unaozidi sentimita 40 ni ya kutiliwa shaka. Lakini mwembamba mwenye kidevu kilichorudi nyuma huupata, na mwanamke aliyekoma hedhi pia. Mwanamke mara nyingi hulalamikia uchovu na kukosa usingizi, akaambiwa ana mawazo. Mtoto naye huwa hasinzii, bali hatulii darasani. Usiku hulala mdomo wazi, shingo kaikunja nyuma. Kwake chanzo kikubwa ni mafindofindo na nyama za puani, na upasuaji wa kuyaondoa ndio tiba ya kwanza.

"Akatwe kimeo."

Tafadhali, msifanye hivyo. Koo huziba nyuma ya ulimi, kwenye kaakaa laini na kwenye kuta za pembeni. Kimeo ni kipande kidogo tu cha habari hiyo. Kukikata mtaani kwa kisu huleta damu isiyokatika, usaha na hata pepopunda, na njia ya hewa inabaki vilevile.

"Mtungi wa oksijeni utatosha."

Oksijeni haifungui koo. Ikitumika peke yake inaweza kurefusha vipindi vya kukatika pumzi na kuacha hewa chafu ijikusanye mwilini. Tiba inayoongoza kwa mtu mzima ni mashine ya CPAP, inayovaliwa kwa barakoa usiku, ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Husukuma hewa ya kawaida ya chumbani kwa msukumo wa sentimita 4 hadi 20 za maji (ndicho kipimo cha msukumo wa hewa), kiasi cha kulizuia koo lisijifunge.

Wengi huiacha wiki ya kwanza kwa sababu ya barakoa. Ikivujisha hewa, hukaza mikanda mpaka pua ichubuke, na ikikazwa mno huvuja zaidi. Lala kwanza, washa mashine, ivute barakoa kidogo mbali na uso ili mto wake ujae hewa, kisha iachie ikae. Kidole kipite chini ya mkanda. Mto huo uoshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, maana mafuta ya uso huufanya uteleze. Tanki la mashine, linaloipa hewa unyevu, litie maji yaliyotoneshwa (distilled), kwani ya bomba huacha chumvi. Umeme ukikatika, vua barakoa. Ukitumia betri, zima kipasha maji, ndicho kinachoimaliza haraka.

"Bia mbili au kidonge cha usingizi vitamlaza vizuri."

Pombe na baadhi ya dawa za usingizi hulegeza koo zaidi na kuchelewesha ule mshtuko unaomwamsha avute hewa. Kulala ubavu husaidia, kupunguza uzito husaidia sana, ila aliyepungua apimwe upya kabla ya kuacha mashine. Na dereva anayesinzia kwenye usukani asiendeshe mpaka atibiwe, hata kama safari ni ya mji wa jirani.